Funguo za buloko ziko kwa nani?

Mwaka 2019 mdogo wangu alilala buloko, yaani gerezani, miezi mitatu na siku zake juu ya kesi ya simu, simu yenyewe hata haikuwa ya bei, na mi ndo nilikuwa napeleka chakula. Sitaji ni gereza gani, huku Katanga, kusini mwa Kongo, yapo kadhaa na kila familia ina lake la kukumbuka. Unafika saa tatu asubuhi na bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kwenye kindoo, unapanga mstari na wamama, mnasubiri jua likiwapiga. Kwenye meza ya mlangoni kuna surveyan, mlinzi wa gereza, ana kipande cha spoki ya baiskeli, anachoma bukari mara tatu, mara nne, anatafuta simu au kisu, anachoma mpaka bukari inakuwa na matundu kama imeliwa na panya, halafu anasukuma kindoo pembeni na kuuliza "ya shefu?" Yaani toa ya shefu. Franga 1,000. Kama huna, kindoo kinakaa hapo hapo mpaka bukari inakuwa jiwe, na mdogo wako ndani anangoja.

Siku ya kwanza nilipoinua macho kumpa hiyo elfu nikamtambua. Ni papa (mzee) tunasali naye, anakaa avenyu ya tatu kutoka kwetu, watoto wake wamesoma shule moja na wadogo zangu. Na yeye akanitambua. Hakusema "mutoto yangu, pita", hapana, aliangalia tu ile noti, akaikunja mara mbili akaitia kwenye soksi. Kwenye soksi! Nilimchukia mzee yule kama miaka miwili, kanisani nilikuwa nabadilisha benchi.

Kilichotupatanisha ni tochi. Nina kaduka kadogo ka krediti za simu, chaja na pile (betri), na jioni moja akaja kuchukua pile tatu kwa deni kabla ya zamu yake ya usiku. Nikamuuliza kwa kejeli kidogo, Papa, Leta (serikali kwetu ndo tunaiita hivyo) haiwapi hata pile za kazi? Akacheka mpaka akakohoa. "Leta? Mutoto yangu, ata bino biatu ni bya yaya yangu alikufaka." Viatu alivyovaa kulinda gereza la Jamhuri alirithi kwa kaka yake marehemu.

Tukaanza kuongea jioni jioni hivyo, na ndo nikaelewa kitu ambacho kwenye makelele yote ya magereza ya Kongo hukisikii. Tunaongelea wafungwa, sawa, wanateseka kweli. Tunaongelea waziri, majistra (majaji na waendesha mashtaka), direkta. Yule mwenye spoki hatumuongelei, na tukimuongelea ni kumtukana tu. Lakini kila gereza linapovunjika hapa kwetu watu wanakimbilia kuangalia ukuta na geti, wakati mi ningeuliza kwanza: usiku ule funguo za ndani zilikuwa kwa nani?

Jibu lake ni la ajabu kidogo. Nilimuuliza mzee usiku mnakuwa wangapi, akanionesha vidole viwili. "Bawili. Siku ingine batatu. Na kule ndani beko bengi kama soko ya Kenya. Mi niingie na tochi nitafute nini? Naingiaka pale kapita ananiita." Kenya anayosema ni komuni ya hapa Lubumbashi, siyo nchi. Soma tena hiyo ya mwisho. Mlinzi anaingia mfungwa akimwita.

Neno kapita tumelirithi toka wakati wa Wabelgiji, kapita alikuwa msimamizi wa watu wa kazi, mgodini, shambani, barabarani. Kwenye magereza yetu mengi kapita ni mfungwa. Kuna kapita jenerali, chini yake kila paviyon (jengo la wafungwa) ina kapita wake, na huyo kapita ana polisi wake, ana karani wake, pengine ana hata kasho (chumba cha kufungia) yake ya kuadhibia. Mfungwa mpya anapokelewa na hao, analipa mahali pa kulala, asipolipa analala mlangoni mwa choo au anapokezana usingizi na mwenzake, huyu analala yule anasimama. Jioni kapita ndo anahesabu watu, anatoka na namba, surveyan anaandika kwenye kitabu. Yaani kitabu cha Leta, chenye muhuri wa Leta, lakini namba iliyomo imeletwa na mtu aliyefungwa kwa wizi wa kutumia silaha, na hakuna wa kwenda kuhakikisha kwa sababu waliobaki ni wawili na tochi moja.

Na hiyo imekatazwa wazi. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu magereza, zile za mwaka 2015 zilizopewa jina la Nelson Mandela, namba 40 inasema mfungwa asipewe madaraka yoyote ya nidhamu ndani ya gereza. Namba 74 inasema watumishi wa gereza wawe waajiriwa wa kudumu wenye mshahara wa kutosha. Mi naona hizo mbili ni kanuni moja iliyokatwa vipande viwili, ukivunja ya 74 basi ya 40 inavunjika yenyewe hata direkta awe malaika. Kazi ya kulinda haikai bila mtu. Leta isipoweka mtu wake, wafungwa wanaweka wao.

Mambo ya wingi wa wafungwa nitapita haraka maana yameandikwa sana. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500, mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 14,000. Munzenze ya Goma ni ya watu mia tatu na kitu, mwanzo wa 2025 ndani kulikuwa zaidi ya 4,000. Bukavu ni ya 500 na wenyewe walishasahau hiyo namba. Wengi wa hao watu hawajahukumiwa. Katiba kifungu cha 18 inasema polisi asikuzuie kupita saa 48, halafu parke (ofisi ya waendesha mashtaka) ina manda (hati ya kukushikilia) ya siku 5, halafu jaji anaweza kuongeza siku 15, halafu mwezi, na mwezi mwingine, na hapo kwenye mwezi mwingine ndo watu wanapotelea. Mdogo wangu alipotelea hapo hapo. Dosye (faili) ilikuwa kwenye meza ya mtu aliyekuwa safarini, ndo tuliambiwa hivyo kila wiki, safarini, mi nilifikiri huyo mtu labda anazunguka dunia kwa miguu.

Sasa angalia surveyan katika hayo yote. Hakumkamata mtu. Hawezi kumkataa mtu aliyeletwa na karatasi, na hawezi kumtoa hata akijua kwamba karatasi ilishaisha muda. Yeye ni mlango tu. Lakini mfungwa aliyesahauliwa miezi minane hamuoni majistra, anamuona yeye, kila asubuhi, na hasira yote inamwangukia yule yule mwenye viatu vya marehemu. Kuna siku walimmwagia mkojo. Alinisimulia hilo huku anapima pile kwenye kiganja kama zina uzito wa kweli, wala hakuonekana kama analalamika.

Mshahara je. Ukiingia ofisi yoyote ya Leta nchi hii utakuta watu wanaitwa nuvel inite, mtu ana barua ya kazi, ana bosi, anasaini kila asubuhi, ila hana matrikule (namba ya mtumishi), hajapitishwa kwenye mekanizasyon (listi ya mishahara ya kompyuta), basi hana mshahara. Walimu ndo wanajulikana kwa hilo kwa sababu walimu wanagoma na watoto wanarudi nyumbani, mji mzima unajua. Surveyan akigoma nani atajua? Mzee alifanya kazi miaka mingi bila franga moja ya Leta, na siku jina lake lilipotokea kwenye listi lilikuwa limeandikwa vibaya, herufi moja, ikabidi aanze tena kupeleka mafotokopi. Nilimuuliza swali la kijinga, mbona hukuacha kazi? Akanijibu kwamba ukiacha wiki moja kabla jina halijatoka umepoteza miaka yote, kwa hiyo unangoja wiki moja, na wiki moja, mpaka unazeeka. Ni kama mtu aliyekaa kituoni anangoja basi kwa saa tatu, hawezi kuondoka kwa sababu ya hizo saa tatu.

Basi anakula wapi? Anakula sehemu mbili. Ya kwanza ni mlangoni, pale kwenye spoki. Lakini kukaa mlangoni hakuji bure, ni kama kugawiwa shamba, anayekupanga pale anataka fungu lake jioni, kwa hiyo ile elfu yangu haikubaki yote kwenye soksi. Ya pili ndo ilinishtua. Ijumaa, mzee ananiambia, kapita anatoaka sukari. Sukari kilo moja imefungwa kwenye karatasi ya daftari, sabuni kipande, wakati mwingine mafuta ya kupikia kwenye chupa ya maji, vinatoka ndani kuja nje, toka kwa mfungwa kwenda kwa mlinzi. Alinisimulia kama jambo la kawaida, kama mtu anayeeleza siku ya posho. Mi nikajiambia, ohoo, kwa hiyo kuna mwajiri, na analipa kila wiki, na hacheleweshi, na anakaa upande wa pili wa nondo.

Mtu akikulisha kila Ijumaa, siku akikwambia leo usiku usipite upande wa paviyon ya tatu, utapita?

Hapo ndo nataka tuangalie Kasapa, gereza la Lubumbashi, kwa sababu sisi watu wa Lubumbashi tunapita barabara ile ya Kasapa kila siku kwenda na kutoka kampasi ya chuo kikuu, wanafunzi wanachungulia ukuta kwenye dirisha la taksi, na tumezoea kuongelea gereza lile kwa mambo mawili. La kwanza ni tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka 2011, watu wenye silaha walivamia, Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wapiganaji wa Mai-Mai aliyekuwa amehukumiwa kifo, akatoroka, na wafungwa karibu elfu moja wakatoka pamoja naye. Hilo kila mtu analo hadithi yake, alimuona nani anakimbia na nguo gani. Ni hadithi ya bunduki, na bunduki zikija toka nje surveyan mwenye spoki hana la kufanya, sitamdai hilo.

La pili watu wanalitaja kwa sauti ya chini. Tarehe 25 mwezi wa 9 mwaka 2020 wafungwa waliasi, sehemu ya wanawake ikachomwa moto, wanawake wakabaki uani hawana pa kujificha, na kwa siku tatu walibakwa na wafungwa wanaume. Siku tatu, ndani ya ukuta wa Leta. Haikuwa msituni. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika, dunia ikasoma, na hapa mjini mazungumzo yakahamia haraka kwenye nani alichoma nini na ukuta ulibomoka wapi. Mi nauliza lile swali langu la ujinga. Kanuni hizo hizo za Mandela, namba 81, zinasema sehemu ya wanawake iwe chini ya mtumishi mwanamke, na yeye ndo ashike funguo zote za sehemu ile, na mtumishi mwanaume asiingie bila kuwa na mwanamke mtumishi pamoja naye. Wameandika hata funguo! Mtu aliyeketi kuandika hiyo kanuni alijua kwamba kinachomlinda mwanamke ndani ya gereza ni mwanamke mwingine mwenye funguo kiunoni, mwenye wenzake wa kutosha nyuma yake. Kama gereza zima linaendeshwa na kapita, funguo ya mama huyo, hata akiwepo, inafungua na kufunga nini?

Na haikuishia huku kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 2024 Makala, serikali yenyewe ilitangaza watu 129 wamekufa, 24 kwa risasi na wengine wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa, na wanawake wakabakwa tena. Mwezi wa kwanza 2025 Goma, waasi wa M23 wanaingia mjini, Munzenze inafunguka, zaidi ya wanawake mia wakafa kwa moto ndani ya sehemu yao baada ya kubakwa. Wiki kama tatu baadaye Bukavu, gereza likabaki tupu. Zile mbili za mashariki ni vita, najua, na vita inaharibu kila hesabu. Lakini angalia nani anakufa kila mara na yuko sehemu gani ya gereza, utaona kwamba vita inakuta kitu kilichokwisha kulegea.

Halafu baada ya kila msiba inatangazwa kwamba tutajenga. Kujenga kunapendwa sana, kuna jiwe la msingi, kuna utepe, kuna komisyon. Mwezi wa 9 mwaka 2025 Cour de cassation, moja ya mahakama za juu kabisa nchini, ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi za nguvu juu ya pesa za kujenga gereza la Kisangani, karibu dola milioni 19. Yeye alikana. Mi kesi yenyewe naiacha kwa wanasheria, mi ni mtu wa pile na chaja, nachosema ni hivi: sijawahi kusikia kesi ya milioni 19 za mishahara ya masurveyan. Huwezi kuiba pesa ambayo hakuna aliyefikiria kuitoa.

Waliokuwa na wazazi hapa mjini miaka ya sabini wanakumbuka zile picha za rangi zilizokuwa zikitundikwa sebuleni, za Colonie Belge, koloni la Wabelgiji. Uwanja wa gereza, mfungwa wa nguo za mistari amelazwa kifudifudi, mzungu amesimama na kofia yake anaangalia, na anayepiga fimbo ni mweusi mwenye yunifomu. Pembeni kabisa, ukiangalia vizuri, wamama wamekuja na chakula. Kwa babu yangu ilikuwepo moja, ilipigwa na jua mpaka mzungu akafifia akawa kama kivuli, lakini mwenye fimbo alibaki na rangi zake zote. Nimeifikiria sana picha ile nikiwa kwenye mstari na kindoo changu. Wamama bado wapo pale pale, na kindoo bado ni chetu. Aliyefifia ni yule wa kutoa amri na mshahara, na mwenye yunifomu ameachwa peke yake na watu elfu mbili.

Kuna rafiki yangu polisi alisoma haya kabla sijayatuma akaniambia, weye unawatetea wezi, hata ukiwalipa watachukua tu, mbona sisi wa barabarani tunalipwa na tunachukua? Nilicheka, angalau mkweli. Na nusu yake namkubalia. Mshahara hautatoa spoki kwenye bukari wala hautatoa soksi. Tena kuna masurveyan wakatili, mdogo wangu ana kovu kwenye goti na aliyempa hakuwa kapita. Lakini tofauti iko hapa: polisi wa barabarani akichukua elfu yako unapoteza elfu. Surveyan akiwa anakula mkononi mwa kapita, hamna tena gereza, kuna nyumba kubwa ya kapita yenye bendera ya Leta juu ya geti. Mwizi nitamkamata kesho kama ninaye wa kumkamata. Kwanza nataka awepo mtu, usiku, wa kutosha, analipwa na upande wetu wa nondo.

Na hiyo haihitaji jiwe la msingi. Kabla ya kujenga Kasapa nyingine ningependa kuona kwenye bajeti mstari mmoja tu, masurveyan wangapi, wanawake wangapi kati yao, wangapi wana matrikule, gereza kwa gereza, karatasi moja itundikwe mlangoni pale kwenye meza ya spoki ili sisi wa vindoo tuisome tukingoja. Sheria mpya ya magereza tulipata 2023 baada ya kuishi na amri ya mwaka 1965 zaidi ya nusu karne, kwa hiyo tusiambiwe kwamba kuandika karatasi ni kazi ngumu.

Mdogo wangu alitoka mwezi wa 11, siku ya mvua, hakuna aliyetupigia simu, tulimkuta tu amesimama kwenye mlango wa nyumba na mfuko wa plastiki. Kitu cha kwanza alichonieleza, kabla ya kuoga, kabla ya kula, ni kwamba alipopata malaria mwezi wa 10 kapita alitaka franga 5,000 ili aruhusiwe kwenda dispansari, na ni yule mzee wa soksi aliingia usiku na tochi, peke yake, bila kuitwa, akambeba mgongoni. Miaka baadaye, tulipokwisha kupatana, nilimuuliza mzee kama ni kweli. Akasema hakumbuki, wengi huwa wanaugua.

Jana jioni alipita tena kwenye kaduka, zamu ya usiku. Deni lake limefika pile kumi na moja. Nilikuwa nimebaki na mbili tu kwenye boksi, nikampa. Tochi yake inakula tatu.